Shujaa Aliyeachwa Mlangoni

Basini, kiti cha mbele yangu, fundi viatu alikuwa ameketi na mjane wa rafiki yake. Fundi na wenzake wana mchezo wa mezani: yeye husimulia hadithi, kila mwenzake huwa shujaa ndani yake, na dadu ikirushwa huamua nani afe, nani apone.

"Shemeji, shujaa wa marehemu tulimwacha amezuia mlango, joka liko nje. Jumamosi nataka afe kishujaa, tumuage."

"Nimeshazika mmoja. Huyu mwacheni."

"Hadithi imekwama, shemeji. Wenzake wanangoja."

"Si wewe ndiye msimulizi? Sema bado ameuzuia."

Mimi nisiyejua joka wala jongoo, nikajikuta upande wa mjane.

Basi likasimama kwenye kituo chao. Fundi akatoa mfukoni dadu ya marehemu. Mjane akaifunika kwa kiganja, isije ikarushwa.