Kikao Kisisubiri Desemba

Kaeni chini wanangu, na wewe Hillary weka hiyo simu irekodi, maana nikishaanza sirudii. Wakili wetu Bryson kaniambia wosia wa mdomo unataka mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje, nao ndio hao waliojibana kwenye kochi. Huyo wa mwisho anayejifanya anaangalia pazia ni Mauza, mke wa jirani yetu Abdulhadi, ambaye tumeshtakiana naye miaka kumi na minne kwa ajili ya kichochoro. Nimemwita makusudi. Usicheke, Mauza, na wewe utakufa.

Daktari kasema wiki mbili, tatu nikijitahidi, na mimi sioni la kujitahidia. Nyumba hii ya Kariakoo ni yenu wawili, Hillary na Joyceline, nusu kwa nusu. Migomba ya Kibosho aichukue Hillary. Vitenge vyangu vya sandukuni ni vya Joyceline, na mkeo Stella asiviguse, Hillary, nilishamwona akivipima kwa macho nikiwa bado nimevivaa.

Sasa kesi. Mnajua Abdulhadi alitia geti la chuma kwenye kichochoro, akapiga kufuli, akapanga humo mabelo yake ya mitumba, na wapangaji wetu wa fremu za nyuma wakahama mmoja mmoja kwa kukosa njia. Baba yenu Anselmi akafungua kesi, na kabla haijasikilizwa akafa, mwezi wa tatu. Tukampandisha Kibosho, tukazika, na kama ilivyo kawaida yetu Wachaga tukasema kikao cha ukoo cha kuchagua msimamizi wa mirathi kisubiri Desemba, watu wote wakiwa nyumbani. Desemba tukachinja mbuzi, nikachaguliwa mimi. Januari nikafika masjala na muhtasari wangu wa kikao, nimevaa vizuri, karani akanitazama juu ya miwani akasema, “Mama, mdai akifa, mrithi ana siku tisini za kuomba kuingia mahali pake. Kesi yako ilishakufa tangu mwezi wa sita.”

Kumbe mwaka ule nilifiwa mara mbili, na ya pili sikuambiwa.

Tulihangaika miaka miwili kuomba ifufuliwe. Leo pingamizi, kesho hakimu yuko semina, keshokutwa jalada halionekani, na huyo karani kila nikienda ana pete mpya na mume hana kazi, lakini hayo tuyaache. Ilifufuliwa. Haitafufuliwa tena.

Kwa hiyo nisikilizeni. Siku nitakayokata roho ndiyo siku ya kuanza kuhesabu zile tisini. Mkinizika Kibosho, kikao kikae siku ileile ya kuanua tanga, kabla mtu hajapanda basi, na wote watie sahihi, hata wale wasiosemeshana. Msimamizi awe Joyceline. Usinune, Hillary, najua wewe ndiye mkubwa, ila siku ya ushahidi uliulizwa geti liliwekwa lini, ukaanzia kwenye harusi yako.

Joyceline, ukishaingia kwenye kesi, omba usuluhishi. Abdulhadi ameniita mezani mara mbili nikamkatalia, na leo nasema ukweli: haikuwa haki niliyokuwa naitafuta, nilipenda kwenda mahakamani. Nilikaa kwenye benchi nikasikia talaka na mirathi za watu wa Upanga bila kiingilio. Mimi nimefaidi, ninyi msirithi ujinga huo. Mwambieni geti liwe wazi asubuhi mpaka jioni, upande mmoja aweke mabelo yake, yaishe. Lakini mkichelewa kesi ikafa, hatawapa nafasi hata ya kupitisha toroli, na mimi ningekuwa yeye nisingewapa. Mauza, nenda ukamwambie mumeo yote, ndicho nilichokuitia. Ajue safari hii tunahesabu.

Ngoja... nipeni maji. Kidogo tu.

Mungu awape usingizi mzuri na wapangaji wanaolipa. Nimewasamehe, hata yale mnayodhani siyajui. Hillary, mpende dada yako... mbele za watu na ndani. Joyceline, lete mkono.

Nikinyamaza, msipige kelele kwanza. Mmoja anifumbe macho... mwingine aandike tarehe.