Mdomo Uliokataa Kumwoza Neema

Bwana asifiwe, wapendwa! Mchungaji alinipa dakika tano, nikamwomba kumi na tano. Si kwamba nina mengi. Maneno yangu siku hizi yanakuja kwa miguu, hayapandi gari. Mnivumilie.

Mimi ni Lembris, mkulima na mfugaji wa Oldonyo Sambu. Mnanijua kwa mdomo. Kwa miaka mingi nilikuwa msemaji wa ukoo wetu: ukitaka kuposa, unamtafuta Lembris, wazee wakigombana, anaitwa Lembris. Nilijivuna, ndugu zangu, nisiwafiche. Mwenye kigugumizi akianza kusema, nilikuwa nammalizia sentensi ili tuendelee na mambo ya maana.

Basi binti yangu Neema akaniletea habari za Elia, fundi wa kuchomelea mageti kule Sombetini. Nikauliza ana ng'ombe wangapi. Hana hata mbuzi! Nikatangaza mbele ya ukoo mzima kwamba simwozi binti yangu kwa mtu ambaye mifugo yake ni cheche za moto. Watu walicheka sana, nami nikafurahi kuwachekesha.

Haikupita miezi miwili, nikapigwa na kiharusi sokoni Ngaramtoni. Nilikuwa nalisifia dume la kondoo, na katikati ya sifa ulimi ukakwama, mkono na mguu wa kulia vikalegea. Hospitali walinihudumia, Mungu awabariki, na mguu ukapata nguvu, lakini maneno hayakurudi. Hapa ndipo pagumu kueleza. Sikuwa nimesahau kitu! Nilimjua kila mtu, nilielewa kila kilichosemwa, na neno nililolitaka lilikuwa kichwani kabisa. Nikifungua mdomo, ulimi ulipapasa kama mtu anayetafuta swichi gizani. Nikitaka maji inatoka "ta", nikirudia inatoka "na", nikirudia tena haitoki kitu.

Lakini Jumapili niliimba! Wimbo mzima, beti zote. Sala ya Bwana nayo iliteremka yenyewe. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mzee huyu anaweza kusema, ila hataki. Wengine wakasema ni pepo bubu, wakaniombea mara tatu. Niliyashukuru maombi, lakini pepo bubu gani anayeimba ibadani?

Katika miezi ile Elia alikuwa anapanda kutoka Sombetini kila Jumamosi kuja kunijulia hali. Tunakaa zizini. Mimi nahangaika na neno, yeye anasubiri, hanimalizii. Ndugu zangu, moyo wangu uligeuka. Nilitaka yule kijana awe mwanangu, na sikuwa na njia ya kumwambia mtu.

Elia hakukata tamaa, akawatuma wazee wake kuposa, na siku ya posa ikafika. Desturi yetu mnaijua: baba hatoi binti kwa kuitikia kwa kichwa. Anasimama, anatamka mwenyewe, na maadamu yu hai hakuna wa kumsemea. Nikasimama. Nikaitafuta "nimempa". Midomo ikafanya "ma", ikafanya "pe", kisha ikagoma. Nikaukasirikia mdomo wangu, nikapiga fimbo chini kwa nguvu, nikatoka nje nikilia. Mle ndani wakaelewa kwamba mzee amekataa! Wazee wakafunga kikao na wageni wakaondoka bila kumaliza chai.

Neema hakunisemesha wiki nzima. Kisha akasema mara moja tu, "Baba, Jumapili unaimba beti zote, na mimi umeninyima neno moja." Afadhali angenichapa.

Hata hivyo hakuacha kunipeleka kliniki, Mungu ambariki. Huko Arusha mjini tukaelekezwa kwa dada mmoja, mtaalamu wa mazoezi ya kuongea. Akanisalimia, "Shikamoo baba. Hebu hesabu mpaka kumi." Nikahesabu bila kukwama. "Sasa niambie saba, peke yake." Saba ikanishinda! Ilinibidi nianze na moja, mbili, nipande mpaka niifikie. Neema alikuwa ameketi pembeni anachezea simu. Nikamwona anaiweka chini.

Yule dada akamweleza polepole. Kabla neno halijatoka, ubongo hupanga ulimi uende wapi kwanza, midomo ifunge lini, sauti iingie wapi. Kiharusi kilimpiga baba yako hapo kwenye kupanga, akasema. Akili imo, maneno yamo, ulimi haujapooza. Wimbo na sala alivyovizoea tangu utotoni hupita vyenyewe, lakini neno la kutunga sasa hivi, la kujibu mtu, hilo ndilo gumu. "Na akilitaka sana," akasema, "ndipo linaweza kumkwama zaidi."

Neema akanigeukia. "Kwa hiyo siku ile, Baba, ulitaka kukubali?"

Niliitikia kwa kichwa mpaka shingo ikauma. Tulilia wote wawili, na yule dada akatoka kidogo akatuacha.

Tukafanya mazoezi miezi mitano. Kila asubuhi kabla ya kukamua, Neema ananishikia kioo, mimi nagonga paja kwa mkono wa kushoto, kila pigo na kipande chake cha neno. Siku nyingine nilikitupa kile kioo. Neema alikiokota, tukaanza upya.

Wazee wakaitwa tena. Nikasimama, nikagonga paja. Mzee mmoja akataka kunisaidia, na mke wangu akamwambia, "Mzee wangu, tafadhali, mwache amalize." Nikasema, "Ne-e-ma... ni-me-m-pa... E-li-a." Vigelegele vilipigwa mpaka ng'ombe wakashtuka! Haleluya!

Ndugu zangu, nilikuwa namlilia Mungu anirudishie mdomo wangu wa zamani. Hakunirudishia, na leo namshukuru kwa hilo. Mdomo ule, pamoja na ufasaha wake wote, ulikuwa umeshamkataa Elia. Huu unaokwama ndio uliomkubali.

Kama nyumbani kwako kuna aliyekwama maneno, mpeleke kwa wataalamu, mwombee, kisha kaa umsubiri. Na wewe uliyekwama, umekaa hapo nyuma unanisikiliza na huwezi kusema kitu, mtumaini Bwana. Yeye amekwisha kukusikia.