Reli Moja, Ufunguo Mmoja

Kinyozi alijifanya amelala, maana umbea hunoga zaidi ukiwa umefumba macho. Treni ilikuwa imesimama tena kwenye mapishano, ikisubiri nyingine ipite, kwa kuwa reli ni moja tu.

"Dada, tumeongeza treni maradufu," ofisa wa reli alimwambia nesi aliyekaa dirishani.

"Mmeongeza za kusubiriana, bosi. Zamani nilichelewa nikiwa stesheni, sasa nachelewa nikiwa ndani."

"Maendeleo ni hatua."

"Kwa hatua ningekuwa nimeshafika."

Kinyozi alibana kicheko. Treni ya pili ikaja, ikasimama ubavuni mwao. Kwenye dirisha lililoelekeana na lao alichungulia mlinzi mwenye macho mekundu kwa kukesha.

"Huyo mume wangu. Siku hizi tunaonana hapa tu," nesi alisema. "Mimi naenda kazini, yeye anarudi. Wewe una mikono mirefu, hebu mpe ufunguo wa nyumba. Tunao huo huo mmoja."

Ofisa akaupokea, akatoa mkono nje. Lakini kumwona abiria asimpe maelezo, hakuweza.

"Ndugu yangu, kwa ratiba yetu mpya..."

Treni zikaondoka, kila moja upande wake. Kinyozi akafumbua macho. Ufunguo bado ulikuwa unaning'inia kidoleni mwa ofisa.

"Usijali, dada," ofisa akasema. "Siku hizi treni ni nyingi."