Sukari ya Treni ya Ngendo

Krrr. Krrr. Krrr. Majengo nzima ya Thika ilisikia mlio huo usiku wa manane, saa za kafyu, taa zote zikiwa zimezimwa kwa amri, na asubuhi wateja walikuja kwenye benchi la kahawa na macho mekundu. Aliyelala kidogo kuliko wote ni Wamboi, mwenye birika, kwa sababu mlio ulikuwa wake. Alikuwa akisaga sukari gizani kwa chupa juu ya ubao iwe laini kama poda, ya kupaka keki, kama alivyofundishwa shuleni, maana leo Ngendo wake anatimiza miaka mitano na alitaka keki ya treni, treni tu, na baba yake yuko kizuizini, na nyumba ya mtu wa kizuizini ikikutwa na taa usiku, mke naye anabebwa, na Ngendo atabaki na nani? Akamimina kahawa, nyingine ikaingia kwenye sahani.

Githinji fundi cherehani, ambaye walimwita Redio kwa sababu hazimiki, ndiye aliyeanza.

— Ile ni tupa. Tupa juu ya chuma. Kuna mtu anachonga bunduki.

— Bunduki gani, bwana? akasema Wamalwa wa reli, waliyemwita Kilomita. Ule ni msumeno. Wanakata reli.

— Reli iko kule, mlio uko hapa!

— Wanaibeba, wanakuja kuimalizia nyumbani.

Nicanor, aliyerudi kutoka vita vya Burma na hilo likawa jina lake, akapiga miayo.

— Nyinyi huwa mnachoka lini?

— Burma, huko vitani hukusikia kitu kama hicho?

— Huko nilisikia njaa.

— Basi sikilizeni, Redio akainama. Ni handaki. Linatoka hapa hapa, linatokea Ruiru chini ya stesheni.

— Handaki la tupa?

— Polepole, Kilomita. Watu wana subira.

— Mimi ningekuwa na subira hivyo, ningengojea treni tu.

Walicheka kichovu. Redio akageuka.

— Mama Ngendo, nyumba yako si iko pale pale? Hukusikia?

— Mimi? Mtoto alikuwa na kikohozi, sikusikia, yaani nilisikia kidogo, nikadhani ni mvua, si mvua, ni upepo, kwani mnataka kahawa nyingine?

Zacharia, homgadi, askari mlinzi wa serikali pale mtaani, alikuwa amesimama nyuma yao na bunduki begani. Wamboi akaficha mikono ndani ya leso aliyojifunga.

— Habari za asubuhi. Huo mlio mnaousema ulitoka nyumba ya nani?

Redio, aliyejua handaki linatokea wapi, akaanza kuchunguza kikombe chake.

— Mimi masikio yangu haya, afande… cherehani imeyaharibu.

— Kilomita?

— Labda panya.

— Panya wa kusaga chuma?

— Panya wa Majengo, afande.

Zacharia akawatazama mmoja mmoja, akamtazama Wamboi, akaomba kahawa. Birika lilikuwa tupu. Akaenda zake, na Redio na Kilomita wakakumbuka kazi zao, wakaondoka bila kuagana.

Burma alibaki.

— Mama Ngendo, hiyo kwenye vidole ni damu?

— Ni bitiruti! Ni maji ya bitiruti, baba, ya kupaka injini iwe nyekundu, nimeoka kwa sufuria na makaa juu ya kifuniko, mabehewa matatu, magurudumu ni biskuti, kila treni ikipita mtoto anasimama kwenye uzio wa waya anauliza baba yake yuko behewa gani, nikaona angalau hii moja isimame kwetu, na ule mlio ni sukari, ni sukari tu, Ngai, Mungu wangu, watanichukua kwa ajili ya sukari!

Burma akaweka kikombe chini, akauliza:

— Kichwa cha treni umekielekeza wapi?

— Kinaangalia kitanda chetu, kama kinamrudisha baba yake.

— Vizuri. Akasimama kwa kushika magoti. Siku nyingine tandika blanketi chini ya ubao, mlio hautafika mbali.

— Baba, usimwambie mtu. Hata mke wako.

— Umeniambia mimi, basi. Mwingine hatasikia kwangu.