Mwalimu Ambindwile na Dar es Salaam Yenye Ukungu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kushika chaki, Mwalimu Ambindwile Mwakisambwe anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 1999. Wilaya ya Rungwe inampoteza mwalimu wa Kiswahili, na darasa la saba linampoteza adui wake mkubwa. Mimi, Hezron wa Jiografia, nimepewa heshima ya kumwandikia kwa kuwa walimu wengine wote walisema wametingwa na kazi.

Alianza kazi mwaka 1968 na kuzunguka shule kadhaa za wilaya kabla ya kutua kwetu, huku upande wa Mpuguso. Jina alilipata kwa kusahihisha insha moja tu: "Safari Nisiyoisahau." Mtoto wa shule yetu ambaye hajawahi kuvuka Uyole, hapo karibu na Mbeya mjini, akipewa kichwa hicho, hupanda ndege. Ndege hupaa kutoka stendi ya mabasi ya mji wetu wa Tukuyu na kutua Dar es Salaam, ambako mjomba anamsubiri na gari. Tangu mabanda ya video yafunguliwe mjini, mjomba huyo anajua na karate.

Na Dar es Salaam yenyewe, jamani, ni baridi! Ukungu umetanda baharini, mvua haikatiki tangu alfajiri, shangazi anakoka moto na wageni wamevaa masweta huku wakila ndizi za kupika. Sisi wengine, wenyeji wa baridi hiyohiyo, tulikuwa tukiweka alama za vyema bila kushtuka. Mwalimu Ambindwile aliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Rudi Tukuyu uanze tena."

Kipimo chake kilikuwa tumbo. Alishikilia kwamba aliyesafiri kweli anakumbuka alichokula njiani, na asiyekumbuka hajatoka kwao. Hakuona haya kumsimamisha mzazi sokoni na kumhoji. Mama mmoja alichoka akamwambia, "Mwalimu, wewe mpe mwanangu maksi zake, habari za tumbo lake niachie mwenyewe."

Mwaka 1996 soko huria lilitufikia na sisi. Shamba la chai la jirani lilipata mwenye mali mpya, na kampuni ikatangaza shindano la insha, kichwa kilekile. Mshindi angelipiwa ada ya sekondari hadi kidato cha nne. Ilikuwa miaka ya kuchangia gharama, na wazazi wengi walikuwa wakiomba watoto wafaulu huku wakiogopa wasije wakafaulu kweli. Kwa Felista wa darasa la saba, ambaye mama yake mjane alikuwa mchuma chai, shindano hilo ndilo lilikuwa mlango pekee. Akilikosa, angemfuata mama shambani Januari.

Felista hakwenda Dar. Aliandika jinsi alivyombeba mgongoni mdogo wake mgonjwa, mama akiwa kazini, kwa miguu hadi hospitali ya Igogwe, na kila alipopumzika alimwita jina ili asikie kama anaitika. Mtoto alipona. Mwalimu Ambindwile alimkata alama kwa kutotaja chakula, akamwita ofisini ajieleze. Felista akasema, "Hatukula, Mwalimu." Alama zikarudishwa palepale, na Mwalimu siku hiyo hakugusa chakula cha mchana, jambo ambalo sisi tuliozoea kula naye tulilichukulia kama msiba.

Kikao cha majaji kilikaa ofisini kwa Mwalimu Mkuu Joel. Kulikuwa na Bwana Enosi wa kampuni, Mwalimu Marita wa darasa la tatu, Ambindwile, na mimi wa kufungua soda. Mwongozo wa kampuni ulitoa alama kwa chombo cha usafiri, kwa mandhari na kwa mafunzo yaliyopatikana. Felista hakuwa na chombo. Bwana Enosi alipendelea insha ya ndege, maana ingependeza kwenye kalenda ya kampuni. Mwalimu Mkuu aliafiki, kama anavyomwafiki kila aliyeleta soda.

Ambindwile aligoma kutia sahihi. Akagawa karatasi za fulskepu na kusema hakuna atakayemwangusha yule mtoto kabla hajaandika safari yake mwenyewe. Tulicheka, kisha tukaandika, maana alikuwa amesimama mlangoni. Mwalimu Mkuu, ninavyomheshimu, alikuwa angani kufikia mstari wa pili. Bwana Enosi alikwenda semina Arusha na hakuona lolote isipokuwa posho.

Mwalimu Marita aliandika mistari michache akaacha. Tulikuwa tumefanya naye kazi miaka yote hiyo bila kujua, hadi tulipoisoma mistari ile, kwamba alimbeba mzaliwa wake wa kwanza kwa njia ileile ya Igogwe, na kwamba hakufika naye akiwa hai. Alisukuma karatasi pembeni, akaomba insha ya Felista, akaipa alama zote. Mwalimu Mkuu akatua. Hakuna aliyeuliza tena habari za chombo, na Bwana Enosi akatia sahihi bila kuinua macho. Felista sasa yuko kidato cha tatu.

Mwalimu, umetusumbua sana, na tunakushukuru kwa kila usumbufu. Nenda ukapumzike kwenye migomba yako, afya iwe njema na mke wako akuvumilie. Kuanzia Julai insha zitasahihishwa na Mwalimu Marita. Ana ombi moja kabla hujafunga kabati lako: umsahihishie ile insha yake ya Igogwe. Ameimaliza.