Revocatus Luhende na Korongo wa Nyashimba

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu mliotoka Igoma na Magu mjini, na majirani mlioketi uani hapa tangu Jumanne, kwa jina naitwa Sabina Luhende, mdogo wake marehemu, tumbo moja, na familia imenipa kazi ya kusoma kwa sababu kaka zangu wakisimama wanalia, nami nitalia nikishamaliza.

Marehemu Revocatus Luhende alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa hapa Nyashimba, wilayani Magu, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa marehemu mzee Luhende Ngosha, mkulima wa pamba na mfugaji, na marehemu mama yetu Sofia. Alisoma shule ya msingi ya kijiji kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, hakuchaguliwa kuendelea, jambo lililomuuma baba kuliko yeye, kwani wiki ile ile alionekana kinamasini akipanda migunga kutafuta mayai ya korongo kama watoto wenzake, maana enzi hizo ndege walikuwa wengi na hakuna aliyewaza kwamba wanaweza kwisha.

Mwaka 1979 aliajiriwa katika kiwanda cha kuchambua pamba akiwa msaidizi wa fundi mitambo, akapanda hadi kuwa fundi mwenyewe, na alidumu hapo mpaka kiwanda kilipofungwa mwezi Juni 2008, ndipo akarudi nyumbani kulima mpunga. Tarehe 7 Septemba 1985 alifunga ndoa takatifu na wifi yangu Odeta, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Josephat, ambaye ana karakana ya kuchomelea Igoma, na Queen, mwalimu, pamoja na wajukuu wanne.

Mwaka 2016, masika, alikuta migunga ya kinamasi chetu imebaki kichaka kimoja, korongo na yangeyange wote wa upande huu wa ziwa wamesongamana humo, kiota juu ya kiota, akaja nyumbani hakula. Kesho yake aliwaita majirani wawili, Nathaniel na mama Bimdogo, wakaanza kulinda kwa zamu tangu ndege wanapotaga mpaka makinda wanaporuka, wengine wakajiunga baadaye, bila mshahara, bila buti, mkiwaita walinzi wa hewa, na yeye mkimwita Bwana Korongo, naye akiitika kama vile amepewa cheo.

Sasa niseme jambo ambalo wengi wenu hamkulijua. Kwetu mtu akifa, kuni ndizo zinazoanza, kabla ya turubai na kabla ya maji, vijana wanashika mashoka bila kutumwa, na mfiwa haulizi zimekatwa wapi, maana msaada wa msiba hauhojiwi. Kaka alilijua hilo, na hakutaka kubishana na wafiwa, kwa hiyo alikuwa akienda Igoma kwa mafundi seremala kuomba mabanzi, yale mabaki ya mbao, akiyapanga nyuma ya nyumba yake, na ukitokea msiba wakati wa makinda, mkokoteni wake ulifika kabla shoka halijatoka ndani, watu wakapika, wakala, wakazika, na migunga ikabaki imesimama. Tena siku hizo aliwaacha walinzi wawili kinamasini, na lawama za kutowaona msibani alizibeba yeye.

Kuhusu ugonjwa, mwaka 2021 iligundulika kuwa kichocho kimeshaharibu ini lake, daktari akamkataza kabisa kuingia majini, akakubali kwa mdomo, miguu ikaendelea kwenda. Tangu Februari mwaka huu hakuweza tena kufika Igoma, mabanzi ya mwisho yalikwenda mwezi Machi kwenye msiba wa mume wa mama Bimdogo, na tarehe 11 Aprili 2025 alilazwa Mwanza akitapika damu. Odeta anasema kila alipoingia wodini aliulizwa kama makinda wameanza kuruka, naye akajibu bado, wanaota manyoya, mpaka siku moja akachoka, akasema, "Baba Josephat, mimi mke wako hujaniuliza hata kama nimekula." Kaka alicheka, akamshika mkono, akasema, "Msiwaache peke yao, mama, zimebaki wiki mbili tu." Jumanne tarehe 22 Aprili, saa nne asubuhi, alifariki.

Habari ilipofika, walinzi wote waliondoka kinamasini wakaja hapa, hata waliokuwa zamu, kwa kuwa waliona aibu kiongozi wao alale ndani nao wakeshe na ndege, na asiyefika kwenye msiba wa mwenzake nani atafika kwenye wake. Vijana nao walishika mashoka, kwa upendo, wakaenda kwenye miti iliyo karibu. Jumatano mchana Nathaniel alikwenda kuangalia, akarudi, akakaa chini pale ukutani, na mpaka leo Ijumaa yuko pale pale. Nilikwenda mwenyewe. Hakuna mgunga uliosimama. Makinda wako kwenye matope, kenge na mwewe wanawamaliza, na hao mnaowasikia wakizunguka juu ya turubai letu ni wazazi wao. Natamani angekuwepo mtu mwovu nimtaje, hayupo, nimetafuta tangu juzi.

Kwa niaba ya familia, tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia usiku na mchana, Baba Paroko na wanajumuiya, wafanyakazi wenzake wa zamani wa kiwanda, na walinzi wenzake, ambao nawaomba wasirudi kinamasini leo, hakuna cha kulinda. Tunawashukuru majirani kwa turubai, kwa maji, na kwa kuni, mmetuheshimu, na chakula kikiiva mtakula, nasi tutakula pamoja nanyi, kwa kuwa hatujui kufanya vingine.

Kaka yangu Revocatus, pumzika kwa amani kama utaweza, na habari za makinda usiniulize mimi.