Shangazi wa Mapokezi na Simu Yenye Sauti Yake

Kabla hamjaanza kumlilia Shangazi, jueni kwamba ofisi hii ya mawakili imesimama kwa sababu yangu. Mimi, niliyeachana na shule kidato cha pili kwa makubaliano ya pande zote, ndiye niliyewafundisha wenye digrii za kutundika ukutani kutumia kompyuta bila kuifokea. Nimepewa kazi ya kuandika haya ya kumuaga kwa sababu kalamu yangu inajulikana. Wapo wanaosema ni kwa sababu wengine wote walikuwa mahakamani. Wivu huo.

Haya, tumrudie mwenye siku yake. Shangazi anastaafu Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na moja kwenye meza ya mapokezi. Alianza na simu ya kuzungusha kwa kidole na taipu iliyokuwa na kelele kama mvua juu ya bati. Mawakili wetu aliwapokea wakiwa wembamba, akawaona wakiota vitambi, na hakuna apitaye bila kumwamkia. Hata Mzee mwenye ofisi humwamkia, na yule haamkii hata kioo.

Mteja akiingia anatetemeka, Shangazi humwambia keti kwanza, mwanangu. Humpa maji, kisha hunyamaza. Hupanga vibanio vya karatasi mezani mpaka mtu alie amalize, ndipo aulize jina. Nilipokuwa mgeni nilidhani amesinzia, nikamgusa bega. Alinitazama mara moja tu, na tangu siku hiyo sigusi bega la mtu.

Mwaka jana Mzee alitangaza kwamba tusipoikubali akili bandia tutaachwa kwenye mataa. Mawakili wakaletewa programu ya kusoma mikataba. Mmoja aliiita uchawi. Siku hizi huiaga jioni kabla ya kumpigia mkewe simu kwamba atachelewa. Kazi nzito nikapewa mimi: simu ijijibu yenyewe. Nikamkalisha Shangazi chumba cha mafaili, akasoma sentensi nikizirekodi, ili mashine ijibu kwa sauti yake, mpaka koo likakauka, huku akinitania kwamba sauti yake imepata ajira na mshahara nitakula mimi. Mwishowe akaniuliza kama hiyo mashine inajua kungoja. Nikamjibu ya nini ingoje wakati ina kasi. Wiki ile nilitembea kama jogoo aliyeamsha jua.

Kisha jioni moja, ofisi imeshafungwa, akapiga mama mmoja mjane, mteja wetu wa zamani, dalali wa mnada yuko mlangoni anataka kuiuza nyumba yake. Sauti ya Shangazi ikamuuliza shida ni nini. Mama akashindwa kusema, akabaki analia mbali na simu. Nilikuwa nimeiamuru mashine ikikuta kimya ikate. Ikakata. Akapiga tena, ikakata tena.

Asubuhi yake Shangazi alisikiliza simu zilizorekodiwa, akachukua mkoba akatoka. Mimi na wakili mmoja tukamfuata mbio. Tulikuta vyombo vya yule mama viko nje, godoro limeegemea ukuta. Wakili alikimbilia mahakamani, akapata amri ya kuzuia mnada, na baada ya wiki kadhaa mama akarudi kwake. Lakini siku ile, akiwa amekaa juu ya ndoo yake, alimwambia Shangazi kwamba dalali hakumshangaza. Aliyemshangaza ni yeye Shangazi, kwa kumkatia simu. Shangazi akaomba radhi. Hakuninyooshea kidole, na mimi nilikuwa nimesimama palepale.

Sasa mashine ikisikia kilio hungoja, kisha humwita mtu. Hilo nilirekebisha, tena vizuri, kama kawaida yangu.

Shangazi, asante kwa maji, kwa utani, na kwa kuniita mwanangu hata siku zile nilizostahili jina jingine. Nenda kapumzike, miguu juu, simu mbali, wajukuu karibu, na afya isikupungukie. Ofisi nzima inakuombea mema.

Ila moja limenishinda. Yule mama tukimpigia, akiona ni namba yetu, hapokei mpaka leo.